Ombi na Mfuko: Nusu Karne ya Sinza na Halmashauri za Dar es Salaam

Sinza ni moja ya sehemu chache za Dar es Salaam ambako barabara za ndani zimenyooka. Ukitoka Mori kuelekea Kumekucha, ukakata kona yoyote, unakutana na njia nyingine iliyonyooka vilevile, na nyumba zimekaa kwa kipimo kimoja: kiwanja cha kawaida kilikuwa mita 12 kwa 24. Kipimo hicho kilitoka Wizara ya Ardhi, na fedha za kukitekeleza zilitoka kwenye mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1974, katika mradi wa viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma. Mradi huo ulizaa Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni, ukaingia pia Manzese, ambako watu walikuwa wamekwisha kujenga wenyewe, kupeleka barabara, mitaro na maji. Lakini mwaka huohuo wa 1974 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa. Serikali iliyopaswa kuilea Sinza ilikuwa haipo siku Sinza inapimwa, na iliporudi ilirudi bila nguvu zake za awali. Mwaka 2024 ulitimiza miaka 50 tangu mkopo ule na miaka 40 tangu serikali za mitaa zirejeshwe, kwa hiyo ni haki kuiangalia taasisi hii kwa macho ya mtaa mmoja na kuuliza imewajibu vipi wakazi wake. Jibu ninaloliona katika kumbukumbu ni hili: ombi la mwananchi lilijibiwa pale aliyelipokea alipokuwa ndiye mwenye mfuko. Kila mara mfuko ulipohamishwa, maombi yaliendelea kupelekwa palepale pa zamani, na pale pa zamani palikuwa hapana kitu.

Mfuko na ombi havikuanza kutengana baada ya Uhuru. Mwaka 1920 Dar es Salaam iliwekwa chini ya mamlaka ya mji iliyoongozwa na maofisa wa serikali na wajumbe wa kuteuliwa, na mwaka 1949 ikapata hadhi ya manispaa. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja umeachwa wazi katikati kutenga Kariakoo na maduka ya Wahindi. Watu wa Kariakoo na Ilala walilipa kodi ya nyumba na ya kichwa kwa serikali kuu, na sokoni walitozwa ushuru kila siku, lakini lami na mabomba vilianzia ng'ambo ya pili. Mabadiliko ya kweli yalikuja pale kura ilipowafikia: mwaka 1960 Sheikh Amri Abedi, mshairi ambaye wapenzi wa ushairi wa Kiswahili hawahitaji kutambulishwa, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na Desemba 1961, siku zilezile za Uhuru, manispaa ikapandishwa kuwa jiji. Halmashauri ile ya miaka ya 1960 ilikuwa na kodi ya majengo, leseni na ushuru wa masoko. Ilikuwa na wahandisi wake na wafagizi wake. Sisemi iliwatosheleza watu. Manzese na Buguruni zilikua mbele ya macho yake bila mtaro wala bomba la kutosha. Hata hivyo diwani wa wakati huo alipoahidi jambo, aliahidi kitu ambacho kikao alichoketi kingeweza kukipitisha kwenye makisio na kukilipia.

Kisha mambo yakafuatana haraka. Mwaka 1969 serikali ilifuta baadhi ya kodi ambazo halmashauri za wilaya zilizitegemea. Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ukatangazwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikavunjwa, na za miji zikafuata. Mahali pa Halmashauri ya Jiji zikabaki wilaya tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, kila moja na mkurugenzi wa maendeleo aliyeteuliwa, na nyuzi zote zikiishia Ofisi ya Waziri Mkuu. Waliobuni mpango huu walikuwa na hoja, na ni kosa kuwasoma kama watu waliotaka tu kuwanyang'anya wananchi sauti. Halmashauri nyingi za vijijini zilikuwa na madeni, hazina wahasibu, zinashindwa kulipa walimu; tofauti kati ya wilaya tajiri na maskini ilikuwa inapanuka; na kuwapeleka wataalamu mikoani badala ya kuwarundika Dar es Salaam lilikuwa jambo la maana. Tatizo ni kwamba kilichosogezwa karibu na wananchi kilikuwa ofisa. Fungu la fedha lilibaki juu, likipangwa kwa sekta na kwa mkoa. Mkazi aliyekuwa na shida alimwendea balozi wa nyumba kumi, balozi akaipeleka kwenye tawi la chama, tawi likaipeleka wilayani. Njia hiyo ilikuwa nzuri kwa kupokea maelekezo kutoka juu. Kwa kupandisha makisio ya gharama ya kalvati moja, haikuwa na mtu hata mmoja mwenye mamlaka ya kusema ndiyo.

Katika hali hiyo ndipo Sinza ilipochorwa, ikachongewa barabara na kuchimbiwa mitaro. Mradi ulikuwa na hesabu yake: mwenye kiwanja angejenga kwa nguvu zake, wengine wakikopa Benki ya Nyumba, na angerudisha gharama kidogo kidogo kupitia kodi ya ardhi na tozo ya huduma. Makusanyo hayakufika popote karibu na matarajio. Wako wanaosema wakazi walikataa tu kulipa, na pia kwamba viwanja vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini viliishia mikononi mwa watumishi na watu wenye uwezo wa kati, ambao walimudu kulipa. La pili lina ukweli mwingi. Lakini anayelipa tozo ya huduma hutazama kama huduma ipo, na aliyekusanya tozo hiyo hakuwa na wajibu wa kuzibua mtaro wa Sinza. Mtaro wa barabara ya ndani ni kitu kidogo sana kwenye bajeti ya nchi. Unahitaji watu wanne wenye makoleo na toroli kabla ya masika, waondoe mchanga ulioletwa na mvua za vuli, wanyanyue kifuniko cha zege kilichovunjika na kukibadilisha. Usipofanyiwa hivyo misimu miwili, maji hutoka mtaroni na kuichimba barabara ya changarawe pembeni; misimu mitano, barabara yenyewe imekuwa mtaro. Hakuna ofisa wa wizara anayeweza kuliona hilo kutoka mezani kwake, na mwenye kuliona mlangoni kwake hakuwa na kikao cha kulipeleka. Mji mzima ulikuwa katika hali hiyo: mitaro iliziba, taa zilizimika, magari ya taka yalikaa juu ya mawe kwa kukosa vipuri. Kipindupindu cha 1977 na 1978 ndicho kilichoilazimisha serikali kukiri kwamba mji hauwezi kuendeshwa bila mamlaka ya mji, na sheria ya muda ya 1978 ikarudisha halmashauri za miji kabla hata za wilaya hazijafikiriwa.

Sheria za kudumu za serikali za mitaa zilitungwa mwaka 1982: Namba 7 kwa wilaya, Namba 8 kwa miji, na Namba 9 kwa fedha. Uchaguzi ukafanyika 1983, na Januari 1984 mabaraza yakaanza kazi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka huohuo, alisema kuvunja serikali za mitaa ni moja ya mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Jingine lilikuwa kuvunja vyama vya ushirika. Ungamo hilo linanukuliwa mara nyingi, na linastahili, kwa sababu viongozi wanaokiri kosa kubwa wakiwa bado madarakani ni wachache. Ila kosa lilirekebishwa nusu. Sheria Namba 9 ilitaja vyanzo vingi vya mapato kwa halmashauri, kuanzia kodi ya maendeleo, leseni na ushuru wa masoko hadi kodi ya majengo iliyotungiwa sheria yake mwaka 1983. Kwenye karatasi orodha ilikuwa ndefu. Kwa vitendo, majengo mengi hayakuwa yamethaminiwa, kodi ya maendeleo ilikusanywa kwa misako iliyowafanya watu wajifiche, kila sheria ndogo ya kutoza ilisubiri saini ya waziri, na mishahara ya walimu na waganga ilitoka Hazina ikiwa imekwisha kugawanywa. Halmashauri moja ya Jiji ilirudi kusimamia mji ambao ulikuwa umeongezeka sana tangu ilipovunjwa, kutoka Bunju hadi Kigamboni, ikiwa na mfuko ambao haukuongezeka pamoja nao.

Namna maombi yalivyojibiwa katika miaka hiyo inaonekana wazi zaidi Tabata kuliko Sinza, kwa kuwa wakazi wa Tabata walifika mahakamani na majibu yakaandikwa. Jiji lilikuwa linamwaga taka za mji mzima katika makazi yao. Walilalamika kwa njia zote za kawaida, na mwaka 1988 wakalishtaki Jiji katika Mahakama Kuu. Mahakama iliamuru utupaji usitishwe. Jiji halikubisha kwamba moshi na harufu vilikuwa vinawaumiza watu. Liliomba kuongezewa muda, likaongezewa, likaomba tena, kwa sababu halikuwa na pengine pa kutupa. Jaji Lugakingira mwishowe alikataa, akaegemea Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi, na jaa likahamia Vingunguti, karibu na watu wengine. Kesi hiyo hufundishwa kama ushindi wa haki za mazingira, na ni ushindi kweli. Mimi naisoma pia kama maelezo ya hali ya taasisi: hata amri ya mahakama, ambayo ni ombi lenye nguvu kuliko yote anayoweza kuyapata raia, iligonga mlango wa halmashauri ambayo haikuwa na kiwanja, mitambo wala fedha za kuitii. Wakazi wa sehemu nyingine walisoma hali hiyo mapema wakaamua kujitegemea. Kijitonyama, majirani wa Sinza, waliunda chama chao cha maendeleo, KIJICO. Hananasif, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, wakazi walichimba na kujenga mitaro kwa mikono yao kwa msaada wa Shirika la Kazi la Kimataifa. Kazi yao ilikuwa ya kupigiwa mfano, na ilifanya mambo ambayo kodi ilipaswa kuwa imeyafanya.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya hoja yangu ni mwaka 1996. Serikali ya Awamu ya Tatu ililivunja tena Baraza la Jiji, ikisema taka, mashimo ya barabarani na ubadhirifu vimezidi, na mahali pake ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume haikuchaguliwa na mtu yeyote. Hata hivyo mapato yaliongezeka sana, barabara zikazibwa, magari ya taka yakaonekana, na wakazi wengi wa Dar es Salaam wa umri fulani wanaikumbuka kwa shukrani hadi leo. Sinza ilimjibu Keenja kwa kura: mwaka 2000 alichaguliwa mbunge wa Ubungo, jimbo ambalo Sinza ilikuwamo. Je, hilo halioneshi kwamba wananchi wanahitaji meneja mzuri zaidi ya baraza? Linaonesha nusu ya ninachosema, na kwa nguvu. Tume ilipewa mfuko pamoja na mamlaka ya kuutumia, ikakusanya na kutumia katika nyumba moja, na matokeo yakaonekana ndani ya miaka minne. Madiwani waliotangulia waliachiwa lawama bila vyombo. Lakini ile nusu nyingine, ya ombi, Tume haikuwa nayo. Vibanda vilipobomolewa kusafisha barabara, mama aliyekuwa anauza chapati pale hakuwa na diwani wa kumkabili kwenye kikao na kumtaka aeleze aende wapi. Mfuko bila mlango wa ombi hufanya kazi kwa kasi, na ukikosea hakuna wa kuusimamisha.

Februari 2000 Jiji likagawanywa kuwa manispaa tatu, na Halmashauri ya Jiji ikabaki juu kuratibu mambo ya pamoja kama dampo na stendi kuu ya mabasi Ubungo. Sinza ikawa kata ya Manispaa ya Kinondoni. Miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kile ambacho sheria za 1982 zilikiahidi. Maboresho ya serikali za mitaa yalileta ruzuku ya maendeleo iliyogawanywa kwa vigezo vinavyojulikana, na mbinu ya Fursa na Vikwazo ikawataka wakazi wa kila mtaa wakae wapange vipaumbele vyao. Mkutano wa mtaa wa aina hiyo ulikuwa na karatasi kubwa ukutani na kalamu ya wino mzito, na mtu yeyote aliyefika angeweza kuweka jambo lake kwenye orodha: zahanati, madawati, tuta la barabarani, taa. Orodha ikaenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa wataalamu wa manispaa, kamati ya fedha, baraza kamili, mkoa, TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), Hazina na Bunge. Tatizo likajitokeza katika hatua ya wataalamu. Ukomo wa bajeti kutoka Hazina ulifika wakati orodha zimekwisha kuandikwa, mara nyingi ukiwa chini ya nusu ya kilichoombwa na ukiwa umekwisha kufungwa kwa masharti ya miradi ya kitaifa. Mchumi wa manispaa alilazimika kukata usiku mmoja kile ambacho mitaa ilikijadili miezi miwili. Mwaka uliofuata mkutano ulipoitishwa tena, waliofika walikuwa wachache. Wengi walieleza hali hiyo kama uvivu wa wananchi wa mjini. Mtu aliyeorodhesha mtaro miaka mitatu mfululizo na kuukuta palepale ana sababu ya kubaki dukani kwake.

Wakati huohuo vyanzo vilikuwa vinahama kimoja kimoja. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, na kwa ukatili wa misako yake hakuna aliyepaswa kuililia; leseni za biashara ndogo zikafuata, na pengo likajazwa kwa ruzuku zenye masharti. Mwaka 2008 ukusanyaji wa kodi ya majengo Dar es Salaam ulipelekwa Mamlaka ya Mapato, ukarudishwa kwa halmashauri, na 2016 ukachukuliwa tena. Mwaka 2017 barabara za halmashauri, pamoja na mitaro yake, zikahamishiwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Mwaka 2021 kodi ya majengo ikaingizwa kwenye manunuzi ya umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Februari mwaka huohuo Halmashauri ya Jiji ikavunjwa kwa mara ya tatu, jina la jiji likahamia Ilala. Sinza ilikuwa imeshakuwa chini ya Manispaa ya Ubungo tangu Kinondoni igawanywe. Kila hatua ilikuwa na sababu inayoeleweka. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zimeonesha fedha za halmashauri zikipotea mwaka hadi mwaka; mita ya umeme haihongwi wala haikwepwi; wahandisi wa barabara waliotawanyika katika halmashauri walifanya kazi kidogo kuliko wakiwa chombo kimoja. Ukizichukua sababu hizo moja moja, nakubaliana na kadhaa. Zikijumlishwa, zimemwacha diwani wa Sinza akipokea ombi la mtaro ambao si wake, kwa niaba ya wakazi ambao kodi yao haifiki kwake, na akienda barazani anachoweza kufanya ni kumwomba meneja wa TARURA aje atoe maelezo. Wizi unapaswa kudhibitiwa kwa ukaguzi na kwa mahakama. Kumwondolea mlinzi ghala lote kwa sababu aliiba gunia ni kuwafanya wenye nafaka wasiwe na wa kumdai tena.

Kuna hoja nyingine dhidi yangu ninayoiheshimu zaidi, ile ya usawa. Sinza ina baa, hoteli, maduka na wapangaji wanaolipa vizuri; Manzese, jirani yake, ina watu wengi zaidi kwenye eneo dogo na vyumba vya bei ya chini. Kama kila mtaa ungekula ulichokusanya, Sinza ingeweka taa mpya huku Manzese ikibeba maji kwa madumu, na tungekuwa tumeijenga upya Dar es Salaam ya 1949 kwa mipaka ya kipato badala ya rangi. Mgawanyo wa 2000 ulikwisha kuonesha hatari hiyo, Ilala ikibaki na Kariakoo na katikati ya mji, Temeke ikibaki na watu. Lakini dawa ya tatizo hili ilikuwa tayari mkononi: ruzuku kwa kanuni ya wazi, inayohesabu watu, umaskini na umbali, ikijaza pale mapato ya ndani yanapoishia. Ruzuku ya aina hiyo ilifanya kazi kwa miaka kadhaa baada ya 2004. Inawezekana kabisa kumwachia mkazi wa Sinza chombo chake cha kudai na wakati huohuo kumpa wa Manzese fungu kubwa zaidi. Kilichowakuta wote wawili ni kwamba kazi kubwa za eneo lao zimetokana tena na mkopo wa Benki ya Dunia, safari hii kupitia DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, ambao miongoni mwa kazi zake uliujengea Mto Ng'ombe kuta za zege. Ni kazi njema, na waliokuwa wanahama kila masika wanaijua thamani yake. Mto huo utajaa mchanga na plastiki kama ulivyojaa mtaro wa Sinza, na atakayetakiwa kuuzoa kila mwaka ndiye swali ambalo mkopo wa kwanza haukulijibu.

Mkazi wa Sinza anaponunua umeme leo, ujumbe unaomjia kwenye simu una tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, na chini yake mchanganuo wa fedha yake: uniti alizopata, kodi ya ongezeko la thamani, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini), tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), na kodi ya jengo, ambayo tangu 2023 ni shilingi 1,500. Mara nyingi anayelipa ni mpangaji, kwa jengo ambalo si lake. Fedha hiyo inaenda Mfuko Mkuu, kisha sehemu yake inarudishwa kwa halmashauri kwa mgawo. Ujumbe unataja namba ya mita na tarehe. Jina la kata halimo.